MAPISHI: Rojo ya rujak, tamu na kali kwa pamoja

Msimu wa maembe ukifika watoto hawangoji yaive. Mombasa na Nairobi wachuuzi huyachanja mabichi, wakayapaka chumvi na pilipili ya unga, na kabla ya saa sita ndoo ni tupu. Ladha hiyo tunaijua sote. Kisiwani Java, nchini Indonesia, wameiendeleza hadi ikawa chakula kinachoandaliwa sherehe, nacho huitwa rujak. Ni matunda yaliyokatwa vipande na kuliwa kwa rojo nzito ya sukari, ukwaju, pilipili na njugu karanga. Malaysia na Singapore husema rojak, na huko neno hilo hutumiwa pia kwa mchanganyiko wowote. Hata lugha ya vijana wanaochanganya Kimalei na Kiingereza huitwa "bahasa rojak". Nasi tuna Sheng yetu.

Java mwanamke mwenye mimba ya kwanza akifika mwezi wa saba, jamaa humfanyia sherehe, na rujak ni miongoni mwa vyakula vya siku hiyo. Mama mtarajiwa "huwauzia" wageni, nao hulipa kwa vipande vya vigae badala ya pesa. Kina mama mliowahi kuamka usiku kwa hamu ya ukwaju mtaelewa kwa nini kilichaguliwa chakula hiki.

Siri ya rojo yenyewe ni sukari. Wajava hawatumii sukari nyeupe. Hugema utomvu wa mnazi au wa mti wa jamii ya mnazi uitwao aren, sawasawa na wagema wetu wa Kilifi. Tofauti ni kwamba mgema wa Kilifi huacha utomvu uchachuke uwe tembo, ilhali wa Java hutia chokaa kidogo katika chombo cha kugemea ili usichachuke, kisha huuchemsha kwa saa nyingi mpaka ugeuke uji wa rangi ya kahawia. Humiminwa katika vifuu vya nazi ukagandia humo. Sukari hiyo ina harufu kama ya kitu kilichoungua kidogo, na nyeupe haiwezi kuiga. Hapa kwetu iliyo karibu nayo ni sukari nguru ya miwa. Chagua iliyo nyeusi nyeusi. Ile ya manjano ina utamu mtupu.

Kwa watu wanne utahitaji sukari nguru gramu 200, ukwaju kijiko kimoja cha mezani kilichojaa, pilipili kali nyekundu 2, njugu karanga mbichi nusu kikombe na chumvi nusu kijiko cha chai. Wajava huongeza kipande cha terasi, yaani uduvi waliochachushwa na kupondwa hadi wakawa kama udongo wa mfinyanzi. Harufu yake ni nzito, wengine hawaiwezi. Walio Pwani wanaweza kukaanga kijiko cha uduvi wakavu bila mafuta na kuwatwanga. Wa bara waruke tu, rojo haitaharibika.

Sasa, kuhusu njugu nitasimama kidogo. Usinunue zilizosinyaa, zenye madoa ya kijani au meusi, au zinazonuka uvundo, hata ukipunguziwa bei. Ukungu huacha sumu iitwayo aflatoksini, na kukaanga hakuiondoi. Mwaka 2004 sumu hiyo hiyo, ikiwa ndani ya mahindi, iliua zaidi ya watu 100 mashariki mwa Kenya. Chambua njugu zako moja moja kabla ya kuziweka motoni, na zilizo mbaya zitupe. Usimpe kuku. Tena, ukialika wageni uliza kama kuna asiyepatana na njugu au kamba, maana wapo wanaovimba koo kwa punje moja.

Loweka ukwaju katika vijiko vinne vya maji ya moto, uuminye na kuuchuja. Kaanga njugu kwa moto mdogo bila mafuta hadi ziwe za kahawia, zipoze, zisugue maganda yatoke. Wajava husagia katika jiwe pana lililobonyea katikati, lakini kinu kidogo cha kitunguu saumu chatosha. Anza na pilipili pamoja na chumvi, kwa kuwa chumvi ndiyo inayoikwangua. Kisha sukari nguru iliyoparuzwa. Ikilainika weka njugu, uzitwange kwa kuacha chembe chembe. Mashine ya umeme huzigeuza siagi, na hapo umeipoteza raha ya kutafuna. Mwisho ukwaju, kidogo kidogo, huku ukionja. Rojo iwe nzito kiasi cha kung'ang'ania kipande cha embe kisidondoke.

Wanafunzi mnaojipikia chumbani na msio na kinu, yeyusheni sukari nguru kwa maji ya ukwaju na pilipili katika sufuria mpaka itoe mapovu mazito, kisha mnyunyize njugu zilizopondwa kwa chupa. Hii ya kuchemsha hukaa katika friji kwa siku kadhaa, almradi njugu zitiwe wakati wa kula.

Matunda yawe magumu na yenye uchachu: embe bichi, nanasi, tango, pera ambalo halijalainika, papai lililoanza tu kuona jua. Wajava hutia hata kiazi kitamu kibichi kilichokatwa vyembamba. Ndizi mbivu na tikiti maji mwachieni mgonjwa, hapa hazifai. Surabaya wana rujak yao yenye pua ya ng'ombe iliyochemshwa, ila hiyo tuiache kwa leo.

Osha matunda kwa maji safi yaliyochemshwa kabla ya kumenya, na kisu pia. Usimwage rojo juu yake mapema, kwani chumvi na sukari huvuta maji na sinia lote litakuwa supu. Iweke kando ndani ya bakuli, kila mtu achovye. Watoto wadogo watengee yao kabla ya pilipili kuingia kinuni.