Usiicheke Wala Usiisujudie Kompyuta ya Dola 35

Tarehe 29 Februari 2012, huko Uingereza, iliingia sokoni kompyuta isiyo na kasha, isiyo na skrini wala kibodi, ukubwa wake kama kadi ya benki, bei yake dola 35. Jina lake Raspberry Pi. Vibao vya kwanza vilikuwa 10,000, na tovuti za wauzaji zilizidiwa na wateja asubuhi hiyo hiyo. Mamilioni yameuzwa tangu siku ile, lakini hata leo ukimtajia mzazi bei hiyo atakujibu: rahisi ghali.

Naiheshimu kauli hiyo. Anayeishuku bei ndogo mara nyingi ameshatiwa hasara na vitu vya bei ndogo. Ila shaka inayoishia kwenye kicheko haimsaidii mtoto wa mtu. Mwenye shaka ya kweli huuliza kimepunguzwa nini hata bei ikashuka hivyo, kisha hukaa asikilize jibu.

Basi tuulize. Toleo lile la kwanza lilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 256 tu, na prosesa ya jamaa ya zile za simu za mkononi. Halikuwa na diski: mfumo endeshi na kazi zote za mwanafunzi hukaa kwenye kadi ndogo ya SD. Halikuwa hata na saa ya kushika majira. Ukilizima mahali pasipo na intaneti, likiwaka tena halijui leo ni tarehe ngapi. Umeme ukikatika ghafla wakati kadi inaandikwa, kadi yaweza kuharibika, na sisi tunaujua umeme wetu. Chaja, kadi, kibodi, kipanya na skrini, vyote hivyo anavitafuta mnunuzi mwenyewe. Kwa hiyo dola 35 ni bei ya kibao, si bei ya kompyuta iliyo tayari mezani. Anayekuambia vingine anakuficha jambo.

Sasa tutazame nia ya waliokitengeneza. Eben Upton na wenzake wa Cambridge waliona vijana wanaoomba kusomea sayansi ya kompyuta wakipungua mwaka hadi mwaka, na hata wanaofika hawajui mengi. Upton mwenyewe alikulia kwenye BBC Micro, kompyuta ya mwaka 1981 iliyoenea katika shule za Uingereza. Mashine ile ukiiwasha ilikuwa inakusubiri uipe amri. Baadaye nyumba zikajaa michezo ya video na kompyuta za gharama, za kazi ya baba na mama, ambazo mtoto akizisogelea anaambiwa: usiguse, utaharibu.

Hapo ndipo ulipo uzito wa bei hii, na hapo ndipo wanaocheka wanapopitwa. Faida ya kwanza ya kompyuta rahisi ni kwamba mtoto anaruhusiwa kuiharibu. Mtazame akifanya zoezi la mwanzo kabisa. Pembeni mwa kibao kuna safu mbili za pini, jumla 40 katika matoleo ya tangu 2014. Anachukua taa ndogo ya LED, mguu mrefu anauunganisha na pini moja kupitia rezista, mguu mfupi anaupeleka kwenye pini ya ardhi. Anaandika mistari michache ya lugha ya programu ya Python. Taa haiwaki. Anakagua miguu, anasoma mistari yake upya, anagundua ametaja namba ya pini nyingine. Anasahihisha, taa inaanza kuwaka na kuzima kwa amri yake. Tangu dakika hiyo kompyuta kwake si kitu cha kutazamia picha tena. Akiuvuruga mfumo mzima, mwalimu atachomoa kadi na kuiandika upya. Akikosea zaidi, akapeleka volti 5 kwenye pini inayovumilia 3.3, kibao chaweza kufa kabisa, nayo ni hasara, lakini si hasara ya kumfungia mtoto mlango wa maabara mwaka mzima.

Hata hivyo nawasihi wanaopenda kuagiza shehena wakumbuke yaliyopita. Mwaka 2005, Nicholas Negroponte alitangaza kompyuta ndogo ya dola 100 kwa kila mtoto wa nchi maskini. Ilipoanza kutengenezwa kwa wingi bei ilikuwa imefika karibu dola 200. Jirani zetu Rwanda walizipokea kwa wingi. Peru walizipokea nyingi zaidi. Uchunguzi wa Inter-American Development Bank uliotolewa mwaka 2012, uliohusu shule 319 za vijijini Peru, haukuona watoto waliopewa kompyuta hizo wakiwashinda wenzao katika hesabu wala katika lugha. Mashine zilifika, lakini maandalizi ya walimu hayakulingana nazo.

Watu wa Cambridge nao walilitambua jambo hilo. Mwaka 2014 walianzisha Picademy, mafunzo ya siku mbili kwa walimu, na mwaka huo huo mtaala wa Uingereza ukaanza kuwafundisha watoto kuandika programu tangu madarasa ya chini. Hata BBC Micro ya zamani haikwenda shuleni peke yake. Ilisindikizwa na vipindi vya televisheni na vitabu.

Liko jambo jingine la kuangaliwa. Vibao hivi vilipoadimika, kuanzia 2021, kampuni ya Raspberry Pi ilitanguliza viwanda vinavyovitumia ndani ya bidhaa zao, na wanunuzi wa mmoja mmoja wakasubiri. Ninazielewa sababu za kibiashara, kwani viwanda vile vina wafanyakazi wanaotegemea mishahara. Lakini shule inayojenga somo lake juu ya chombo kimoja ijue kwamba haiko mbele ya foleni.

Enyi wazazi na wajumbe wa bodi za shule, msitie saini ya kununua vibao hamsini. Nunueni vitano. Fedha itakayobaki mpeni mwalimu mmoja mwenye hamu, asome, apate kadi za akiba na rezista za kutosha, apate na chumba kilicho wazi baada ya masomo. Mwisho wa muhula nendeni wenyewe mkakae karibu na watoto, mwambieni mmoja wao awaoneshe programu aliyoiandika kwa mkono wake, kisha mumwombe aibadilishe mbele yenu. Akiweza, ongezeni vibao.