Nguvu ya Mkono Si Moja

Wako watu wasemao kwamba elimu ya mikono ya roboti ni elimu ya Japani na Marekani, na kwamba kijana wa Ntimaru, akaaye karibu na mpaka wa Tanzania na mbali na viwanda, hupoteza wakati akijifunza. Wako na wengine, tena hao ni wabaya zaidi, wasifuo mashine bila kuzijua: hudai kuwa mkono wa chuma una nguvu zisizobadilika, na kwamba ukiinua mzigo hapa utauinua popote. Nayapinga madai yote mawili, na shahidi wangu wa kwanza ni wewe, msomaji.

Jaza maji dumu la lita 20. Lishike mkono ukiwa umening'inia ubavuni, utatembea nalo. Sasa linyooshe mbele mpaka usawa wa bega. Mkono ni uleule, misuli ni ileile, na maji hayakuongezeka hata tone. Lakini ni nani atakayeweza? Kilichobadilika ni mkao tu.

Mkono wa roboti hutii sheria hiyohiyo. Chukua mkono wa vipande viwili, kila kimoja sentimita 50, wenye mota begani na mota kiwikoni. Utundike mzigo wa nyutoni 100, yaani kadiri ya kilo 10, na uzito wa chuma chenyewe tuuache kando. Mkono ukinyooka mbele, bega hudaiwa nyutoni-mita 100 na kiwiko 50. Kipande cha juu kikining'inia na cha chini kikielekea mbele, kila kiungo hudaiwa 50. Mkono wote ukining'inia wima, mota hazidaiwi kitu; chuma ndicho kibebacho. Basi namba moja yatosha nini? Waendesha kreni hawadanganyiki hivyo: hufuata jedwali lionyeshalo jinsi mzigo ulioruhusiwa upunguavyo kadiri uendavyo mbali.

Liko jambo la ajabu zaidi. Mtazame fundi wa cherehani ya miguu. Mara nyingine hukanyaga kwa nguvu zake zote na gurudumu lisizunguke. Cherehani si mbovu. Fimbo iungayo kanyagio na gurudumu imelala mstari mmoja na kitovu cha gurudumu, na msukumo wote waishia kitovuni. Fundi hulisukuma gurudumu kidogo kwa mkono, kisha kazi huendelea. Mkao wa namna hiyo wataalamu wa roboti huuita mkao wa upekee. Na fundi, ambaye pengine hakupata kulisikia neno hilo, aujua vizuri kuliko wengi walioliandika kwenye daftari.

Mkono wa roboti huufikia mkao huo kiwiko kinyookapo kabisa. Hesabu yake hufanywa kwa jedwali la namba lililopewa jina la Carl Jacobi wa Ujerumani (1804–1851), na katika mkono wetu yote hutegemea saini ya pembe ya kiwiko, saini ileile mnayoilalamikia darasani. Kiwiko kikipinda digrii 90, mkono husogea mbele na nyuma kwa raha. Zikibaki digrii 6 tu unyooke, kiwiko chapaswa kuzunguka kwa kasi zaidi ya mara 13 ili ncha iende mwendo uleule. Mota hulemewa, mkono hutikisika au hurukia upande usiotarajiwa, na ole wake aliyesimama karibu!

Kwa ajili hiyo wanafunzi wengi huambiwa kwamba mkao wa upekee ni ugonjwa wa kuepukwa, na fundisho hukomea hapo. La hasha! Fundisho hilo ni nusu tu. Mama atokaye mtoni na dumu kichwani hunyoosha magoti, na mifupa yake humbebea mzigo. Mwambie atembee amechuchumaa nusu, uone kama atafika nyumbani. Mkao upunguzao mwendo huongeza nguvu. Mota ya kiwiko yenye nyutoni-mita 5, kiwiko kikipinda digrii 90, husukuma kutoka begani kuelekea nje kwa nyutoni 14 hivi. Zikibaki digrii 6 mota hiyohiyo husukuma kwa nyutoni 190 hivi, msuguano ukiachwa. Hakuna uchawi: kilichopatikana katika nguvu kimelipwa kwa mwendo.

Mnamo 1961 mkono uitwao Unimate ulianza kazi katika kiwanda cha magari cha General Motors huko New Jersey, ukishika vyuma vya moto. Wenye kiwanda kama hicho waweza kununua mota kubwa na kusahau mkao. Kijana wa Ntimaru aungaye mkono wake kwa mota ndogo alizozitoa katika vyombo vilivyokufa hana anasa hiyo, naye ndiye ambaye wamwambia saini haimhusu.