Sheria Kali na Mlinzi Wake

Rushwa inapoota mizizi katika utumishi wa umma, jibu la haraka huwa ni kudai sheria kali zaidi. Historia ya Hong Kong, ilipokuwa koloni la Uingereza, inatufundisha kwamba jibu hilo ni nusu tu ya dawa.

Mwaka 1971 ilianza kutumika katika koloni hilo Sheria ya Kuzuia Rushwa. Kifungu chake cha 3 kilimkataza mtumishi wa serikali kupokea zawadi, mkopo au manufaa mengineyo pasipo ruhusa. Kifungu cha 10 kilikuwa kikali zaidi: mtumishi aliyemiliki mali isiyolingana na mshahara wake, akashindwa kutoa maelezo ya kuridhisha, alikuwa na hatia.

Lakini ni nani aliyekabidhiwa kuwachunguza wala rushwa? Ni kitengo cha polisi, ilhali jeshi lenyewe la polisi lilikuwa limeoza. Hii ndiyo kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani. Wakati huohuo mchuuzi alitozwa ili aachwe auze bidhaa zake, na mgonjwa alidaiwa fedha ndipo apewe maji ya kunywa hospitalini. Malipo hayo yaliitwa fedha ya chai, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa.

Mwaka 1973 Peter Godber, Mwingereza aliyekuwa afisa wa ngazi ya juu wa polisi, alitakiwa aeleze chanzo cha mali yake, iliyozidi dola milioni 4.3 za Hong Kong. Badala ya kujieleza, alitumia kitambulisho chake cha kazi kukwepa ukaguzi katika uwanja wa ndege, akatorokea Uingereza. Huko kosa la kumiliki mali isiyoelezeka halikuwamo katika sheria, hivyo asingeweza kurudishwa kwa kosa hilo. Mkoloni alikuwa amewatungia watumishi wa koloni kipimo ambacho nyumbani kwake hakukitumia.

Wananchi, wakiwamo wanafunzi, waliandamana wakidai Godber akamatwe. Ni hasira yao iliyoisukuma serikali. Februari 1974 Gavana MacLehose aliunda tume huru ya kupambana na rushwa, iliyo nje ya jeshi la polisi na iliyowajibika kwake moja kwa moja. Godber alirudishwa Januari 1975, akatiwa hatiani kwa kosa la hongo, akafungwa miaka 4.

Wapo wanaohoji: je, ni haki kumtaka mshtakiwa ajieleze? Hoja hiyo ina uzito, na Mahakama ya Rufani ya Hong Kong iliipima mwaka 1995. Ilikiacha kifungu hicho kisimame, ikisisitiza kwamba upande wa mashtaka hauna budi kwanza kuthibitisha kuwa mali haiwiani na kipato. Uamuzi huo ni wa busara. Mtumishi wa umma analipwa na umma. Umma una haki ya kuuliza jumba la kifahari limejengwa kwa mshahara upi.

Hata hivyo, kuchelewa kuna gharama. Oktoba 1977 polisi waliokasirishwa na uchunguzi walivamia ofisi za tume. Gavana alilazimika kutangaza kwamba makosa mengi yaliyotendwa kabla ya 1 Januari 1977 hayatafuatiliwa. Wengi waliokwisha kujineemesha wakasalimika.

Mwalimu au karani anayeishi kwa jasho lake hana sababu ya kukiogopa kifungu kama hicho. Yeye ndiye anayepata hasara mla rushwa anapoachwa, kwani wananchi huwatazama watumishi wote kwa jicho moja la shaka. Kwa hiyo tunapodai sheria kali, tudai pia mchunguzi asiyekula chungu kimoja na anayechunguzwa, mwenye mamlaka ya kumfikia hata mkubwa wa idara.