Mwaka 3000 hakuna anayekula ugali?

Ni mimi yule yule, niko huku huku Oldeani kwenye baridi, mashamba ya kahawa na vumbi jekundu. Wiki iliyopita tulilimaliza soo la washikaji wanaoazima suti za kwendea harusini. Wiki hii tunahama kabisa. Leo ni vitabu.

Usifunge gazeti, mshikaji! Sisemi vitabu vya shule. Nasema vile vya majini, vya vyombo vya angani na vya watu kugeuka nyani, pamoja na zile katuni ulizokuwa unazificha ndani ya kitabu cha Jiografia mwalimu akipita.

Kijiweni kwetu, pale bodaboda zinapopaki, kuna ubishi usioisha. Kundi la kwanza linasema hadithi za namna hiyo ni mambo ya Wazungu, sisi hatuna. Kundi la pili linasema ni uchawi mtupu. Kundi la tatu linasema ni utoto, mtu mzima anasoma magazeti. Nimekaa benchi nikawasikiliza wote. Leo nawajibu humu, maana gazetini hakuna wa kunikatiza.

TULIRUKA ZAMANI

Nianze na hawa wa "mambo ya Wazungu". Jamani, mwaka 1951 Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza, Shaaban Robert alitoa Kusadikika. Nchi yenyewe iko wapi? Hewani, inaelea! Yuri Gagarin alikuja kupanda angani mwaka 1961. Yaani miaka kumi kabla ya Mrusi kufika huko juu, mtu wa Tanga alishajenga nchi nzima, ina mfalme, mawaziri na gereza.

Na hadithi yenyewe ni bomba. Wajumbe sita wanatumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, na (hapa ndipo ninapopapenda) mmoja mbinguni na mwingine ardhini. Kila anayerudi na maarifa mapya anatupwa gerezani. Habari zao tunazisikia mahakamani, kijana Karama akijitetea mbele ya mfalme. Ukisahau kwamba kuna mtihani, utakisoma mpaka kibatari kiishe mafuta. Mwenyewe kasoro yake naisema: wahusika wanahutubia mno. Mjumbe kafika mbinguni, mimi nataka kujua alikanyaga nini, alikula nini, aliogopa nini. Yeye ananipa mawaidha.

Ukitaka mambo zaidi ya mawaidha, chukua Adili na Nduguze cha mwaka 1952. Humo kuna mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Kuna binti wa jini anayewageuza nyani ndugu wawili wenye husuda, halafu Adili, mtu mwenye huruma kuliko wote, anaamriwa awachape viboko kila usiku. Hebu fikiria, unampenda ndugu yako na umeshika kiboko! Mimi hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo. Muundo wake una harufu ya Alfu Lela U Lela, sawa, lakini yale machozi ni ya kwetu.

Bado hujaridhika? Mwaka 1995 Mkenya Katama Mkangi alitoa Walenisi. Jamaa anayeitwa Dzombo anahukumiwa, anapakiwa kwenye chombo cha kurushwa angani ili akafie huko. Hafi. Anatua kwenye nchi nyingine. Sasa lisome jina la hiyo nchi polepole: wale-ni-sisi. Umeona? Mkangi alikuwa amewekwa kizuizini na serikali ya Kenya mwaka 1986, kwa hiyo mambo ya mtu kufungiwa hakuyasikia kwa jirani. Alifariki mwaka 2004. Kila nikikitaja kitabu chake kijiweni, watu wananitazama kana kwamba nimekitunga mimi.

Na hajawa peke yake. Said Ahmed Mohamed, mtu wa Pemba, alimfufua mzimu wa babu mwaka 2001 katika Babu Alipofufuka, ukaja kumsumbua mjukuu mkubwa wa serikalini. Kyallo Wamitila naye akaja mwaka 2002 na Bina-Adamu! Nyumba ya Kiswahili ina majini, mizimu na vyombo vya angani tangu msingi.

HUO NI UCHAWI?

Sasa nyinyi wa uchawi. Nawaheshimu, na sitaki ugomvi na mchungaji wa mtu. Lakini tuulizane: bibi zetu wa Kiiraqw walipokuwa wakituambia habari za Looaa, yule mama ambaye ndiye jua, na habari za Neetlaamee wanaokaa kwenye maji, walikuwa wanatufundisha kuroga? Mtoto aliyesikia habari za Neetlaamee hachezi ovyo kwenye chemchemi wala hachafui maji. Ile ilikuwa elimu ya mazingira kabla ya semina na posho.

Na huku Karatu chemchemi si jambo la mchezo. Maji yetu yanatokana na ule msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro, ukiwemo huu mlima wetu ambao jina lake lenyewe ni mianzi kwa Kimaasai. Msitu ukikauka, sisi huku chini tumekwisha. Ndiyo maana filamu fupi ya Pumzi aliyoitoa Wanuri Kahiu wa Kenya mwaka 2009 ilinikamata koo. Ni dakika ishirini na kitu tu. Dunia imepigana vita ya maji, watu wamejifungia ndani, wanabana hadi jasho lao walinywe, na dada mmoja anayeitwa Asha anatoroka na mche wa mti akaupande jangwani. Hakuna hirizi humo. Kuna swali moja tu: maji yakiisha, nani atapanda?

KATUNI NAZO?

Eti katuni ni za wasiojua kusoma. Nani kasema? Chakubanga wa Christian Gregory alikuwa akiwavunja watu mbavu kwenye gazeti la Uhuru tangu miaka ya sitini. Baadaye wakaja Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, wakachukua herufi mbili mbili za majina yao wakaunda SANI. Waulize kaka na dada zako wakubwa kuhusu Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Kipepe, uone wanavyotabasamu peke yao. Nakala moja ilikuwa inazunguka mtaa mzima mpaka jalada linabaki kwa mtu mwingine. Kuna watu walijifunza kusoma haraka kwa sababu zamu yao ilikuwa dakika kumi tu.

Wakenya nao mwaka 2010 walianzisha Shujaaz, katuni ya kijana anayeendesha redio ya kificho chumbani kwake, wakaigawa bure kwa lugha ya mtaani. Vijana waliisoma kinoma. Kwa hiyo msiniambie vijana hawasomi. Vijana hawasomi kinachowachosha.

RAFU YA KATIKATI

Hapa ndipo lilipo soo lenyewe, na ndiyo sababu ya kushika kalamu wiki hii.

Mtoto wa Oldeani akiwa na miaka saba anasoma Sungura na Fisi. Vizuri. Tangu mwaka 1991 kuna mradi wa vitabu vya watoto hapa nchini, na umesaidia kutoa vitabu vya Kiswahili vyenye picha nzuri tu. Akifika miaka kumi na tatu anataka kitu kizito kidogo. Anapewa nini? Anaruka moja kwa moja kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Mimi nawapenda hawa majamaa ile mbaya, wanakimbiza, wanapiga. Lakini ni bastola, pombe na vyumba vya hoteli. Na vile nilivyovitaja juu, vya Mkangi na Wamitila, viliandikwa kwa watu wazima. Mtoto wa Kidato cha Pili akikifungua Bina-Adamu! atadhani kurasa zimechanganywa kiwandani.

Kati ya Sungura na Willy Gamba kuna rafu nzima, na rafu hiyo kwa Kiswahili karibu ni tupu. Wenzetu wa Ulaya na Marekani rafu hiyo ndiyo inayowatajirisha: wanafunzi wa uchawi, watoto wa miungu, mabinti wenye upinde. Mtoto wetu anayekijua Kiingereza anahamia huko. Asiyekijua anaacha kusoma. Haachi kwa uvivu, anaacha kwa kukosa kitabu chake. Na wasiokijua ndio wengi, tuseme ukweli.

Mwaka 2023 Disney walitoa filamu kumi fupi za katuni zilizotengenezwa na Waafrika, wakaziita Kizazi Moto. Moja ya Uganda ni ya wachungaji wa ng'ombe wenye viungo vya mashine. Nyingine, ya Ng'endo Mukii wa Kenya, inaitwa Enkai, jina la Mungu wa Kimaasai, jirani zetu hawa hawa! Nilifurahi mpaka nikapiga meza. Halafu nikashangaa: jina Kiswahili, mazungumzo Kiingereza. Yaani tumealikwa kwenye sherehe yenye jina letu, tukakaa nje dirishani.

Na kwenye hizo za Hollywood za mwaka 3000, mimi sijawahi kuona mtu anasonga ugali. Watu wanameza vidonge, basi. Ina maana huko mbele sisi hatupo? Hapa tulipo, Oldupai ni mwendo wa saa chache tu. Pale Mary Leakey aliliokota fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959. Laetoli kuna nyayo za miaka milioni 3.6. Watalii wanalipa dola kuja kuona jinsi safari ya binadamu ilivyoanza kwetu. Sasa ilianzaje kwetu, halafu ikiendelea tusiwemo?

DAFTARI LA MJUKUU

Kuna dogo mmoja hapa kijijini, yuko Kidato cha Pili, ana daftari la hesabu ambalo halina hesabu. Amechora hadithi. Mwaka ni 2190, Ziwa Eyasi limekauka, na binti wa Kihadzabe anapanda mlima Oldeani kutafuta chemchemi ya mwisho, inayolindwa na Neetlaamee. Binti ana upinde na simu inayotumia jua. Kiswahili chake ni cha mtaani, mikono ya watu inafanana na mihogo, lakini ukianza huachi.

Babu yake aliligundua daftari, akaja nalo kwangu, uso umekunjwa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe ndiye mwandishi. Hebu mwambie mwenzako aache ujinga huu, ada nalipa mimi."

Nikamwomba kwanza anisomee ukurasa mmoja. Akakataa. Nikasoma mimi. Tulipofika pale binti anapoizamisha mikono kwenye maji na maji yanamwita kwa jina la bibi yake, ukurasa ukaisha. Daftari limeishia hapo. Mzee akanyamaza, akakohoa, akauliza, "Sasa alimjibu?"

Sikuwa na la kumwambia. Nilimshauri akamuulize mjukuu, na kwamba daftari jipya bei yake ni ndogo kuliko ya soda mbili. Aliondoka bila kuahidi kitu. Daftari aliondoka nalo kwapani, limekunjwa vizuri.

Kwa hiyo nyinyi wa kundi la tatu, mnaosema ni utoto, jibu lenu analo yule babu. Ana zaidi ya miaka sabini.

Wachapishaji wetu, mkipita humu, hiyo rafu ya katikati iko wazi na wateja wamesimama mlangoni. Walimu, mtoto akichora darasani mnyang'anyeni kalamu kipindi kikiendelea, lakini kengele ikilia mrudishieni. Na wewe msomaji wangu, kama una Kusadikika nyumbani imelala chini ya mguu wa kabati, itoe. Kabati litafutie tofali.

Kwa leo naweka kalamu chini. Wiki ijayo tutachambua lile la mashemeji wanaokuja kusalimia na kukaa miezi mitatu. Tukutane hapa hapa panapo majaliwa. Poa!