Eda ni ya Mjane, Si ya Shamba: Barua ya Wazi kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana

Mheshimiwa Katibu Mtendaji,
Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana,
Zanzibar.



Nakuandikia kutoka Kizimbani, kwenye mashamba ya viungo ambako wageni huletwa kunusa mdalasini, kupasuliwa kungumanga na kupigwa picha chini ya mikarafuu. Zamani shamba lilingoja msimu. Siku hizi linaingiza fedha hata karafuu zisipozaa, na hapo ndipo tatizo letu lilipoingia: mwenye shamba akifariki, aliyelishika hana tena haraka ya kugawa.

Mazishi yanapita, khitma inasomwa, kisha mkubwa mmoja husema tusubiri mama atoke eda. Eda ni miezi minne na siku kumi, na ni ya mjane, si ya shamba. Akitoka, tusubiri karafuu zichumwe. Zikichumwa, tusubiri kaka arudi kutoka Maskati. Anayeuliza fungu lake, hasa akiwa mwanamke aliyeolewa, huambiwa ana tamaa na anataka kuuvunja ukoo. Nimewaona kinamama watu wazima wakibisha hodi kwenye shamba la baba yao kuomba nazi mbili za kupikia, na wa kuwapa au kuwanyima ni ndugu yao wa tumbo moja. Nazi zile ni zao.

Siku ya kwanza hesabu ni nyepesi mno. Marehemu ameacha mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Yakishalipwa madeni na kutolewa wasia, kama upo, usiozidi thuluthi, mali inakatwa mafungu manane. Mjane ana moja, kila mtoto wa kiume ana mawili, kila wa kike ana moja. Hata asiyesoma atayahesabu kwa vidole. Sasa wasigawe, na baada ya miaka mmoja wa wale wa kiume afariki, aache mama yake, mke, mtoto wa kiume na wa kike. Mafungu manane yanageuka 288. Bibi mjane, aliyekuwa na 36 kwa mumewe, anaongezewa 12 kwa mwanawe. Mke wa marehemu wa pili ana 9. Mtoto wa kiume 34, wa kike 17. Waliobaki wanashika yao ya asili. Akifa na bibi kabla ya kugawa, anza tena. Kufikia wajukuu, shamba la eka chache lina warithi ambao hawajawahi kuonana, na kila mmoja ana haki ambayo hawezi kuionesha ardhini. Mtoto huyo wa mafungu 17 ndiye atakayekwenda Mahkama ya Kadhi, na ndiye atakayeambiwa ameleta fitina.

Kizimbani ina kumbukumbu ya mirathi iliyotolewa kwa wakati, na watu wa hapa wanapaswa kuijua. Sultani Seyyid Said alipofariki mwaka 1856, binti yake Salme alikuwa na umri wa miaka 12. Alihesabiwa mtu mzima, akakabidhiwa urithi wake, fedha na shamba. Baadaye, baada ya fitina ya 1859 kati ya kaka zake Majid na Barghash, alihamia Kizimbani, kwenye mojawapo ya mashamba yake. Kuna atakayesema huyo alikuwa binti wa Sultani. Kweli, lakini fungu lake lilikuwa la sheria ile ile inayotuongoza sisi. Na huyo huyo, baada ya kuondoka Zanzibar, kubadili dini na kuolewa na Mjerumani, alirudi mwaka 1885 kudai haki zake, na Barghash akamkatalia; akarudi tena 1888, asifanikiwe. Kutofautiana dini ni kizuizi cha urithi. Sina la kubishana hapo. Ila dada zetu wa leo hawana kizuizi chochote. Wanaswali msikiti mmoja na kaka zao.

Mheshimiwa, Sheria namba 9 ya mwaka 2017 imempa Kadhi mamlaka juu ya mirathi ya Waislamu. Migogoro ya ardhi ina mahkama yake. Mrithi wa shamba hujikuta kati ya milango hii miwili, huku akiulizwa mafungu na kule akiulizwa hati, na hati bado ina jina la marehemu. Kamisheni yenu ndiyo inayoweza kufika kabla ya milango hiyo yote, kwa sababu kusimamia mirathi ni kazi yenu na hamhitaji mgomvi awaite.

Naomba sheha anapopokea taarifa ya kifo cha mwenye shamba, taarifa hiyo ifike kwenu, na ofisa wenu aje shambani. Awaandike warithi wote kwa majina, wa kike na wa kiume, waliopo na walio safarini, na kama mjane ana mimba, fungu la mtoto liwekwe. Ahesabu miti. Ikiwa shamba halikatiki, thamani yake ipimwe, anayetaka kubaki awanunue wenziwe kwa hiari yao, au libaki la pamoja kwa maandishi yenye mafungu ya kila mtu. Na tangu siku ya kifo mpaka siku ya kugawa, anayepokea wageni na kuuza viungo aandike mapato, maana mapato hayo ni ya warithi wote. Hili la mapato nalisisitiza kuliko yote. Asiyefaidika kwa kuchelewesha hatachelewesha.

Anzeni na shehia za mashamba ya viungo, na anzeni na vifo vya mwaka huu, kabla hesabu ya manane haijawa ya 288.

Wabillahi tawfiq,
Mkaazi wa Kizimbani, Unguja