Mwanao asome na muziki, au kimya?

Mzazi, bila shaka umeshatumiwa kwenye kundi la WhatsApp: video ya saa nane, piano ya taratibu, picha ya ubongo unaong'aa, na maneno kwamba ukimwekea mwanao ataongeza akili.

Chanzo chake kipo. Mwaka 1993 Frances Rauscher na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliwasikilizisha wanafunzi 36 wa chuo sonata ya Mozart ya piano mbili kwa dakika 10. Kisha wakawapa maswali, mojawapo kukisia karatasi iliyokunjwa na kukatwa itaonekanaje ikikunjuliwa. Walifanya vizuri kuliko walipokaa kimya, ila nafuu yenyewe ilidumu dakika 10 hadi 15 tu. Hawakuwa watoto, na muziki ulikuwa umezimwa walipoanza kujibu. Hayo hayakumzuia gavana wa Georgia kule Marekani, Zell Miller, kuomba dola 105,000 mwaka 1998 ili kila mtoto mchanga apewe muziki huo!

Mwaka 1999 Kristin Nantais na Glenn Schellenberg walionyesha kwamba waliopenda hadithi kuliko Mozart walifanya vizuri baada ya kusikiliza hadithi. Kumbe kilichosaidia ni kuchangamka. Kwa hiyo wimbo anaoupenda mwanao, dakika chache kabla ya kufungua daftari, una kazi yake.

Akishafungua, mambo hubadilika. Anayesoma ufahamu huku Bongo Fleva inaimba anapokea maneno kutoka pande mbili, na akili ya lugha ni moja. Kukariri tarehe za Historia au msamiati kunataka kimya, hata piano haifai. Hesabu za mazoezi alizokwisha kuzielewa, kuchora ramani, kunakili notisi: hapo muziki wa ala tupu, kwa sauti ya chini, hauna neno.

Tatizo ni kwamba kimya chenyewe nyumba nyingi hazina. Sebule ndiyo chumba cha kusomea, runinga inasoma habari, jirani ana spika. Hapo ndipo muziki wa ala unapofaa kweli, kama pazia la kufunika maneno ya watu. Si lazima uwe wa Ulaya. Bashraf za taarab ya Unguja hazina mwimbaji na zinatulia vizuri tu. Pakua mapema, maana tangazo likikatiza katikati mtoto ameshashika simu, na akiishika hairudi mezani haraka.

Mtahiniwa wa kidato cha nne umtenganishe na muziki huo mara kwa mara, ajibu mtihani uliopita bila sauti yoyote, kwa sababu ukumbini hatapewa hedifoni. Saa hizo tatu runinga izimwe, hata kama ni mechi ya baba.