Sindano ya mtoto isiachwe mpakani

Mtoto akianza kurusha mikono, kukunja uso na kuangusha kikombe bila kutaka, majirani husema ana mashetani. Huenda ni korea ya Sydenham (haihusiani na nchi ya Korea), inayowapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, wiki au miezi kadhaa baada ya kuumwa koo.

Dawa kama haloperidoli au valproeti hutuliza mitikisiko, na baada ya miezi mtoto huonekana amepona. Hapo ndipo wazazi hukosea. Inabaki sindano ya penisilini ya benzathini, kila wiki 3 au 4, kwa miaka, ili ugonjwa usirudi na kuharibu vali za moyo.

Familia inayorejea Burundi kutoka kambi za Kigoma hupakia masufuria na magodoro, kadi ya sindano ikasahaulika. Mfanyabiashara wa Manyovu naye, asiyesahau kamwe karatasi za mzigo, hupitisha tarehe akisubiri soko.

Waganga wa kambini wampe mzazi barua yenye jina la dawa, kipimo na tarehe ya sindano ijayo kabla lori halijaondoka. Na zahanati ya ng'ambo iipokee.